Dakika Kumi za Kabambare

Siku ile uwanjani Kasongo tulikuwa watu watano. Mimi, Amisi, mtu wa foni, yaani ile redio ambayo kwayo viwanja vyetu vinasemezana. Mzee Salumu, shefu wangu wa zamani, mkuu wa uwanja, aliyekuwa amekwisha kustaafu lakini alikuja kila siku kukaa kwenye kiti kilekile na kunung'unikia majani. Idi, mlinzi, aliyeajiriwa kufukuza mbuzi na ambaye mwenyewe alifuga mbuzi sita. Mama Zamuda, muuguzi wa hospitali, na sanduku lake. Na Bienvenu, piloti, kijana wa Bukavu, ambaye alitazama mawingu kuliko alivyotutazama sisi. Upande wa pili wa foni, Kabambare, alikuwepo Yuma, mtu wa foni wa kule, na wanawake waliokuwa wameanika muhogo kwenye pisti, yaani njia ambayo ndege inatua na kurukia. Alikuwepo pia mdogo wangu Riziki, amelala kwenye machela, bila nafasi ya kusikiliza mahesabu yangu.

Nimewataja wote kwa sababu kila nilipoisimulia habari hii kwenye arusi na matanga, watu waliomo walipungua. Mara ya mwisho nilijikuta niko peke yangu na ndege. Sasa naandika, na mtu akiandika anaweza kuulizwa.

Aziza, aliyechukua kiti changu mwaka huu, ndiye aliyeomba niandike mambo ya kazi kwa ajili yake na wenzake. Nimekubali, ingawa sehemu kubwa ya niliyojifunza ni namna ya kukosea kwa utaratibu.

Wazazi wangu walifariki katika mwaka mmoja, baba kwanza, mama miezi michache baadaye. Nilikuwa darasa la tano. Nyuma yangu walikuwepo wadogo wanne, na wa mwisho, Riziki, alikuwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo mgongo ukawa wangu. Niliacha shule siku ya Ijumaa, nikidhani nitarudi mambo yakitulia. Hayajatulia bado.

Nilisikia kwamba uwanja wa ndege unatafuta mtu wa kufyeka majani. Nilikwenda na panga la baba, na Riziki mgongoni, maana hapakuwa na wa kumwachia. Mzee Salumu alinitazama, akamtazama Riziki, akauliza:

"Munaomba kazi wawili?"

"Mimi tu, muzee. Huyu analala."

"Unajua kuhesabu?"

"Najua."

"Basi niambie. Kutoka hapa mpaka Kabambare ni mbali namna gani?"

Hilo nililijua. Baba yangu alikuwa akienda kule kwa lori kuuza chumvi na vitambaa.

"Siku mbili, muzee. Kama mvua inanyesha, siku tatu."

"Na kwa ndege?"

Nilifikiri sana. Nilikuwa nimeona ndege juu, ni kweli zinakwenda mbio, lakini nilijua pia kwamba mtu hawezi kusafiri bila kupumzika njiani pale Lusangi.

"Siku moja na nusu," nikasema.

Mzee Salumu alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akanipa kazi, nadhani ili aendelee kucheka. Kwa muda wa mwaka mzima jina langu pale uwanjani lilikuwa Siku-Moja-na-Nusu, na hata piloti wageni waliniita hivyo bila kujua maana yake.

Kufyeka pisti si kazi ya nguvu tu. Majani yakifika magotini ndege inaweza kutua lakini piloti atakutukana. Yakifika kiunoni, hatatua, na watakaokutukana ni abiria. Ukianza upande mmoja, ukifika mwisho, kule ulikoanza yameota tena. Nilifyeka uwanja ule miaka minne, na katika muda wote huo sikuwahi kuuona umekwisha. Tulikuwa pia na mizani ya kupimia mizigo na watu. Kila abiria alipanda, nikasoma kilo zake kwa sauti, na Mzee Salumu akaandika. Nilidhani kusoma kwa sauti ni adabu. Mama mmoja mkubwa wa sokoni ndiye aliyenifundisha kunong'ona, na somo lake nililisikia kwenye shavu siku mbili.

Jihadharini na mizani. Alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa Salamabila aliyekwenda Bukavu akiwa na kilo sabini, akarudi wiki ileile akiwa na tisini na moja. Alikuwa amevaa duka lake lote: suruali nne, makoti matatu, na vitambaa vimezungushwa tumboni. Alitoka kwenye ndege akitembea kama mtoto anayejifunza. Nikamwambia, "Bukavu wanakula vizuri." Akanijibu, "Usinishike, nitaanguka."

Katika ofisi, ukutani, palikuwa na ramani. Mchwa walikuwa wamekula sehemu ya mto Lualaba na kipande cha mashariki, lakini Kasongo na Kabambare zilibaki. Kando ya ramani, kwenye msumari, ulining'inia uzi wa nyavu wenye vifundo. Kila kifundo kilikuwa kilometa kumi za ramani ile. Ndicho kilikuwa chombo chetu cha mahesabu, na mpaka leo naamini kilikuwa bora kuliko vingi vilivyokuja nyuma, maana hakikuhitaji betri.

Siku Mzee Salumu aliponipa uzi ule kwa mara ya kwanza, alisema, "Pima Kabambare." Nilitaka kumwonyesha kwamba nimekua. Niliushika uzi kwenye Kasongo, nikaufuata mstari wa barabara taratibu, kona kwa kona, nikiukunja kwa ukucha kila barabara ilipopinda. Ilinichukua nusu saa. Nilipata vifundo karibu kumi na nane.

Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Umekamata kila kona?"

"Kila kona, muzee."

"Pale kwenye daraja iliyovunjika, ndege yako ilipita namna gani?"

Niliondoa ukucha kwenye uzi.

"Mwanangu, ndege haifuate njia. Haisimame Lusangi kununua ndizi. Vuta uzi."

Akauvuta mwenyewe, ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Vifundo kumi na viwili. Kilometa mia na ishirini hivi. Kisha akanifundisha jambo la pili: umbali haubadiliki, lakini dakika zinategemea ndege. Ile ndege ndogo ya injini moja iliyokuja kwetu siku zile ilikwenda taratibu. Ukihesabu kuruka, kupanda, kugeuka na kushuka, Kabambare ilikuwa dakika thelathini na tano. Niliandika ndani ya mlango wa kabati: Kabambare 35. Nikajiona fundi.

Hapo ndipo nilipopewa foni. Saidi, mdogo wangu anayenifuata, alikuwa amefika umri wa kufyeka, akachukua panga, nami nikakaa mbele ya lile sanduku linalokoroma. Kila asubuhi niliita: "Kabambare, Kabambare, Kasongo." Na kila asubuhi sauti moja ilijibu: "Kasongo, Kabambare nakusikia." Huyo ndiye Yuma. Tuliulizana hali ya hewa, hali ya pisti, hali ya nyumbani. Nilijua mke wake akiumwa, alijua mdogo wangu Feruzi akifukuzwa shule. Miaka zaidi ya ishirini tulisemezana hivyo, na sijawahi kumwona. Katika akili yangu ni mtu mrefu mwembamba. Wanaotoka kule wananiambia ni mfupi na ana tumbo, lakini nimeshazoea yule wa kwangu.

Sasa lazima nieleze muhogo, maana bila muhogo hamtaelewa chochote.

Kabambare hakuna mahali pakavu, pagumu na pasafi kama pisti. Kwa hiyo wanawake wa jirani wanaanika pale muhogo wao, wengine juu ya maturubai, wengine chini kabisa. Hakuna aliyewapa ruhusa na hakuna aliyewakataza. Ndege zilikuwa chache na muhogo ulikuwa mwingi. Utaratibu ulikuwa huu: ndege ikiruka Kasongo, mimi namwambia Yuma dakika; Yuma anatoka nje anagonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti; wanawake wanakuja na vikapu wanakusanya. Kukusanya kwa utulivu kulichukua karibu nusu saa. Ukitoa wakati wa Yuma kufika kwenye rimu, thelathini na tano zilitosha kabisa.

Zingetosha, kama watu wangeamini kwamba ndege inakuja kweli. Miezi ya kwanza ndege ilifika mara tatu ikakuta bado kuna muhogo na mbuzi, ikazunguka juu, piloti akarudi Kasongo kumfokea Mzee Salumu, na Mzee Salumu akanitazama mimi. Nikaamua kutengeneza mambo kimyakimya. Bila kumwambia mtu, nilianza kupunguza kumi. Ndege ikiruka, nilisema: "Kabambare, dakika makumi mbili na tano." Wakatimua mbio. Pisti ikawa wazi kila mara. Mzee Salumu alinisifu mbele ya Idi. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyegundua dawa.

Sikufikiria kwamba upande wa pili pia kuna watu wanaohesabu. Wanawake walikusanya, wakakaa juani na vikapu vyao, wakangoja ndege dakika kumi. Mara ya kwanza walisema upepo. Mara ya tano walimuuliza Yuma. Yuma, ambaye ni mtu wa heshima na hakutaka kuniambia kwamba nasema uongo, akaanza kuongeza kumi. Mimi nikisema makumi mbili na tano, yeye aliwaambia makumi tatu na tano. Kila kitu kikawa sawa. Mimi nilidanganya, yeye alisahihisha, na ndege ilitua. Tulikaa hivyo miaka, kila mmoja akidhani anamsaidia mwenzake.

Ilikuja miaka ya vita, ndege hazikuja. Tulifyeka hivyohivyo. Saidi, anayeniita yaya kama wadogo zangu wote, yaani kaka, aliniuliza, "Yaya, tunafyekea nani?" Nikamwambia mfuko wa upepo, ule wa kuwaonyesha piloti upepo, bado umening'inia, na mfuko ukiwepo uwanja upo. Asubuhi niliita Kabambare. Siku nyingine Yuma alijibu, siku nyingine hapakuwa na kitu ila mkoromo. Alipojibu hatukuwa na ndege ya kutangaza, tukaulizana bei ya chumvi.

Kabla sijasahau, wenzangu wataniuliza mbona sikupanda ndege hata mara moja, mimi niliyewapandisha wengine maisha yangu yote. Niliwahi kujaribu. Piloti mmoja, mtu mwema, aliniambia, "Amisi, kiti kiko wazi, nenda Kabambare urudi, ukamwone rafiki yako." Nilivaa shati safi. Nilipanda, nikafunga mkanda. Injini ikawaka. Nikaingiza mkono mfukoni nikagusa ufunguo wa nyumba, na nikaona mambo yote kwa mpangilio: ndege inaanguka, ufunguo unaungua, watoto wanne wamesimama mlangoni hawawezi kuingia. Nikagonga bega la piloti. "Nimesahau kitu," nikasema. Nilishuka nikaenda ofisini nikajifanya natafuta. Bado natafuta.

Mwanzoni ilikuwa sababu ya haki. Mimi nilikuwa baba na mama yao. Lakini Saidi alioa, Mwavita akaolewa, Feruzi akaenda Kindu, na Riziki akawa mwalimu, akaolewa Kabambare, na mimi nikaendelea kuutumia ufunguo uleule.

Ni Riziki aliyenifumbua macho kuhusu zile dakika. Aliporudi kutusalimu mara ya kwanza kutoka kwa mume wake, alikaa chini, akanywa maji, akaanza kucheka peke yake.

"Yaya, unajua kule wanakuita nani?"

"Mutu wa foni."

"Wanakuita Bwana Punguza. Hata watoto wa darasa langu. Nikiwaambia dakika tano za kucheza, wanauliza, za kweli ao za Kasongo?"

Akanieleza habari ya Yuma na kumi zake. Niliona haya, kisha nikacheka, kisha nikafanya hesabu: kutoa kumi, kuongeza kumi, jibu ni sahihi. Kwa nini kuharibu kitu kinachokwenda? Nikaacha kama kilivyo. Huo ndio ulikuwa uamuzi wangu mkubwa kazini, kutofanya kitu.

Miaka miwili baadaye, ile ndege ndogo ilistaafu kabla yangu, ikaja nyingine, kubwa zaidi na yenye mbio. Siku ambayo kwayo nadaiwa ilikuwa mara ya kwanza kabisa kwa ndege hiyo kufika Kasongo. Ilileta dawa.

Asubuhi ile Yuma hakuuliza habari za nyumbani. Alisema, "Kasongo, kaa kwenye kiti." Nikakaa. Riziki alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi, mtoto amelala vibaya, lazima apasuliwe, na kule hapakuwa na wa kumpasua. Kwa pikipiki ni siku mbili. Nilijua ni siku mbili. Hilo ndilo jibu la kwanza nililowahi kutoa katika kazi hii.

Bienvenu alikuwa bado anateremsha maboksi. Nilimweleza. Alitazama mashariki, mbingu ilikuwa inabadilika rangi.

"Nitaenda," akasema. "Lakini sikiliza, papa. Mvua inakuja. Nikifika, pisti iwe wazi. Nitapita juu mara moja, nitapita mara mbili. Ya tatu hakuna, narudi. Sitaanguka na mugonjwa wako."

"Pisti itakuwa wazi."

"Ni dakika ngapi mpaka kule?"

Alikuwa na chombo chake kinachomwambia kila kitu. Nadhani aliniuliza kwa huruma tu, nipate cha kufanya. Lakini nilifanya hesabu kwa makini kuliko siku zote. Nilimuuliza mwendo wa ndege yake, nikavuta uzi, vifundo kumi na viwili, nikaandika, nikahakikisha. "Makumi mbili na tano," nikasema.

"Ndiyo," akasema Bienvenu. "Hata mimi naona hivyo."

Mama Zamuda alipanda na sanduku lake. Waliruka. Nikakamata foni, nikasema kwa sauti ya mtu ambaye leo hatanii: "Kabambare, ndege imeruka. Dakika makumi mbili na tano."

"Makumi mbili na tano," akasema Yuma. "Nimeelewa."

Nikaweka foni chini. Nilikuwa nimeridhika. Mzee Salumu aliinua macho kutoka kwenye kiti chake.

"Umemwambia ngapi?"

"Makumi mbili na tano, muzee. Ni ndege mupya. Nimepima."

"Na jana ulimwambia ngapi? Na mwaka jana?"

Nikaitazama foni.

"Unafikiri miaka yote hii sikuwa na masikio? Nilikuwa naandika makumi tatu na tano katika kitabu, wewe unasema makumi mbili na tano katika foni. Nilisema, mwache, ndege zinatua." Akasimama. "Leo umesema kweli, Amisi. Huyu mutu atajuaje?"

Ukweli wangu ulikuwa na namba ileile ya uongo wangu.

Nilikamata foni. "Kabambare, Kabambare, Kasongo." Mkoromo. Yuma alikuwa ametoka kwenda kwenye rimu, na kwa kuwa alijua ana dakika thelathini na tano, hakuwa na sababu ya kurudi mbio. "Kabambare, usiongeze! Yuma, usiongeze!" Idi alikuja mlangoni akadhani nimepatwa na kitu. Niliita mpaka sauti ikakatika, kisha Mzee Salumu akachukua foni akaita yeye. Alikuwa mzee sana, lakini hakuacha. Mimi nilikaa nikatazama mlango wa kabati, palipoandikwa 35.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa na Yuma baadaye, na nimemwomba anisimulie mara nyingi. Wanawake walikuja taratibu. Walikuwa saba. Walianza kukusanya upande wa juu. Muhogo ulikuwa mwingi kuliko kawaida, kwa sababu waliukausha kwa ajili ya miezi ya njaa, ile kabla ya mpunga. Walikuwa hawajamaliza nusu waliposikia ndege.

"Tulisema si yenyewe," Yuma alisema. "Tulisema, bado dakika kumi."

Bienvenu akapita juu mara ya kwanza. Aliona maturubai, vikapu, na mtu mmoja mfupi mwenye tumbo akikimbia katikati ya pisti akipunga fimbo ya kugongea rimu. Ndege ikageuka mbali, upande wa mvua. Mkubwa wa wale wanawake anaitwa Mama Sifa. Hakuwa ndugu wa Riziki, wala jirani. Alisimama, akaangalia machela iliyokuwa kando ya pisti, akaangalia kikapu chake. Kisha akashika turubai lake kwa ncha mbili, akalivuta lote, na muhogo wote, akalitupa kwenye majani. Akasema neno moja tu: "Vuteni." Wote sita wakavuta. Muhogo uliokuwa chini bila turubai waliufagia kwa miguu, kwa matawi, kwa vitenge vyao. Ndege ilipopita mara ya pili, Yuma alikuwa anafagia kwa shati lake.

Bienvenu alitua.

Mimi hayo sikuyaona. Nilikuwa mbele ya mkoromo. Muda mrefu baadaye foni ikasema: "Kasongo, Kabambare."

"Sema."

"Amepanda. Ndege imeruka."

"Ni muzima?"

Yuma alikuwa anahema. "Alipokuwa anaingizwa alisema, mwambieni yaya hajui kuhesabu. Kwa hiyo naona ni muzima."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kelele kama kokoto nyingi zinamwagika juu ya bati. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mvua, imeanza sasa hivi.

Riziki alifika Kasongo baada ya dakika ishirini na tano kamili. Hiyo niliiandika kitabuni mwenyewe. Alipasuliwa jioni ileile. Msichana alizaliwa, na mama yake akampa jina la Sifa. Mimi nilisimama nje ya hospitali, na kila aliyepita nilimwambia kwamba nilikuwa nimefanya hesabu sahihi kabisa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ndiyo maana nilirudia.

Muhogo wa Kabambare ulilala kwenye majani chini ya mvua siku tatu. Uliokotwa kidogo, na ule uliookotwa ulikuwa mweusi, unanuka. Nyumba saba zilikula mara moja kwa siku mpaka mpunga ulipokomaa. Yuma hakuniambia haya kwa kulalamika. Nilimuuliza hali ya nyumbani, akajibu.

Nilituma magunia mawili ya mchele kwa pikipiki. Yalipofika, Yuma aliita.

"Muchele umefika. Wamekula, wanashukuru."

"Basi."

"Hapana, si basi. Mama Sifa anasema muchele haukuwa muhogo wake, na muhogo anajua kulima. Anasema wewe uje. Uje mwenyewe, usimame kwenye pisti mbele yao, useme, mimi ndiye Bwana Punguza. Wanataka kuona sura. Kisha deni limekwisha."

"Nitakuja," nikasema. "Mavuno yakiisha."

Foni ilikoroma kidogo.

"Niongeze kumi?"

"Kumi ya nini? Siku?"

"Miaka," akasema Yuma.

Tulicheka sana, yeye kule, mimi huku. Mzee Salumu naye alicheka, kofia ikaanguka tena. Amekwisha kufariki sasa. Siku chache kabla ya kufa alinipa ule uzi wenye vifundo, akaniambia, "Wewe unajua umbali wa kila mahali, na hujafika popote."

Hili ndilo nililonalo la kuwafundisha, ninyi mnaobaki. Fyekeni kabla majani hayajafika magotini. Someni kilo za akina mama kwa kunong'ona. Mkijua namba, semeni namba hiyohiyo, hata kama mtu wa upande wa pili atachelewa na mtafokewa. Siku niliyorudi kwenye foni baada ya yale, nilimwambia Yuma, kuanzia leo sipunguzi, na wewe usiongeze. Alikubali. Ilichukua miezi kabla wanawake hawajatuamini, na sidhani kama Mama Sifa ameamini mpaka leo. Bado anaanika pale. Yuma anasema macho yake yamepungua, sasa anaijua ndege kwa sauti tu, na kila inapotua anauliza kama kuna mzee kutoka Kasongo ameshuka.

Mtoto Sifa ana miaka tisa. Wiki iliyopita, siku yangu ya mwisho kazini, wenzangu walinipa soda na maneno mazuri, kisha Aziza akaniacha niite Kabambare kwa mara ya mwisho. Nilimweleza Yuma kwamba nimestaafu.

"Basi ya ile kumi imebaki ngapi?" akauliza.

"Mwaka moja."

"Moja wa kweli, ao moja wa kwako?"

Nikasema foni inakoroma.

Leo asubuhi nilikwenda uwanjani, nikapanda juu ya mizani mwenyewe, na Aziza akasoma kilo zangu kwa kunong'ona. Ufunguo wa nyumba nilikuwa nimeuacha kwa Mwavita. Aziza amekwisha kuandika jina langu kwenye orodha ya abiria wa Alhamisi, Kasongo mpaka Kabambare, dakika ishirini na tano. Ameliandika kwa kalamu ya risasi, ile inayofutika. Nilipomuuliza kwa nini, alisema majina mengine yote ameyaandika kwa wino.